Kujitwika na kutwishwa: msalaba wa mama na mgongo wa mdogo wako

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Mimi ni mtoto wa kwanza kati ya wanne, nina miaka 36, nyumbani ni Makambako. Baba alimpiga mama tangu nikiwa mdogo mpaka alipopata kiharusi miaka sita iliyopita. Sasa mama ndiye anayemwogesha na kumlisha. Sisi wote tumesoma kwa vitumbua alivyouza stendi kila alfajiri. Mwaka jana usharika uliwafanyia jubilei ya miaka 40 ya ndoa. Mchungaji alimsimamisha mama mbele akasema, "Huyu ndiye mwanamke aliyeubeba msalaba wake asiutue." Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilitoka nje. Sasa mdogo wetu wa mwisho, miaka 27, ana mtoto mchanga, naye anapigwa. Januari alivunjwa kidole. Alikimbilia kwa mama. Mama alikaa naye siku tatu, akampikia uji, akamkanda mkono, halafu akamrudisha kwa mumewe akimwambia, "Mimi nilivumilia, Yesu alivumilia, wewe ni nani?" Bibi aliwahi kuninong'oneza kwamba mama naye aliondoka mara moja, mimi nikiwa mgongoni, wazee wa kanisa wakamrudisha. Maswali yangu ni mawili. Je, ni kweli Ukristo unamtaka mdogo wangu avumilie hivi? Na nikisema hapana, si nitakuwa nimemwambia mama kwamba maisha yake yote yalikuwa bure?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na mdogo wako, maana teolojia inaweza kungoja, mwenye kidole kilichovunjwa hawezi.

Kama ameamua kuondoka, asimtangazie mume siku wala saa. Sisi tuliokaa na wanawake wa namna hii tunajua kwamba saa ya kuondoka ndiyo ya hatari kuliko zote, mume anapohisi mke anamponyoka. Vyeti, kadi ya kliniki ya mtoto na nguo chache vihamie kwako kidogo kidogo. Polisi aulizie Dawati la Jinsia na Watoto, apewe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, aende nayo hospitali, na nakala ya alichoandika daktari uitunze wewe. Atakayemwambia kwamba kwa mila mume ana haki ya kumrudi mkewe, mwonyesheni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66: hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo, hata mila ikisema vinginevyo. Sheria hiyo ilikuwapo kabla mama yako hajaolewa. Wala mdogo wako asidhani ni yeye tu. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2015–16 ulikuta wanawake 4 katika kila 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wameshapigwa na mtu tangu wafikishe miaka 15. Hesabu hiyo inakaa kwenye mabenchi yetu kila Jumapili, imevaa vitenge vya sare.

Sasa tuje kwenye msalaba.

Nyuma ya maneno ya mama yako kuna mstari mmoja, ule ule uliomsimamisha mbele siku ya jubilei, Marko 8:34: "Mtu ye yote akitaka kunifuata, na ajikane mwenyewe, ajitwike msalaba wake, anifuate." Nimeuhubiri mstari huo zaidi ya miaka thelathini, na nilichelewa sana kukisikia kitenzi chake. Ajitwike. Wewe umechota maji, unajua ninachosema. Ndoo ikijaa unamwita mwenzako akutwike. Ukiwa peke yako unajitwika: unaweka ngata kichwani, unapiga goti, unaipandisha ndoo kwa pumzi moja, na unajua unaipeleka jiko gani. Halafu kuna kutwishwa, pale unapopita na shughuli zako mtu akakupakia mzigo wake bila kukuuliza. Lugha yetu imeyatenganisha mambo hayo kwa silabi tu, na mahubiri yetu yakayakoroga.

Tena katika Injili hiyo hiyo ya Marko yupo mtu aliyetwishwa msalaba. Ni Simoni wa Kurene, mji uliokuwa katika Libya ya leo. Marko 15:21 inasema alikuwa akipita tu, ametoka shamba, wakamshurutisha auchukue msalaba wa Yesu. Kigiriki cha Marko kinatumia hapo kitenzi cha askari na maofisa wa dola waliokuwa wakiwakamata wapita njia na punda wao wabebe mizigo ya serikali. Babu zetu wanakijua kitendo hicho. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kutoka kwa kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wanaume wa nchi hizi walikamatwa vijijini, na Wajerumani upande wao na Waingereza upande wao, wakabebeshwa masanduku ya risasi na magunia ya unga mpaka makumi ya maelfu wakafa kwa kuhara, njaa na uchovu. Sijamsikia mhubiri akisema wale waliitikia wito.

Ijumaa Kuu tunapenda kumsifu Simoni kwamba Mwafrika alimsaidia Bwana kubeba. Sawa, tumsifu. Lakini aliyemtwisha alikuwa nani? Askari wa Pilato. Yesu hamtwishi mtu msalaba popote. Anachofanya ni kuwakemea wanasheria, katika Luka 11:46, kwa sababu wanawatwika watu mizigo isiyochukulika na wao wenyewe hawaigusi hata kwa kidole. Nikifikiria wazee wale waliomrudisha mama yako nawe ukiwa mgongoni, najua wamesimama upande gani wa mstari huo, na najua pia kwamba waliporudi makwao usiku ule walilala usingizi mzuri.

Na msalaba wakati ule haukuwa jina la kila shida. Warumi waliutumia kuwaua hadharani watumwa na waasi, na aliyehukumiwa alipitishwa akiwa amebeba boriti yake watu wamwone. Yesu alipousema mstari ule alikuwa anawaonya watu: mkinifuata, wenye mamlaka watawatenda kama watakavyonitenda mimi, kwa hiyo kila mmoja apige hesabu yake. Mle hakuna mume mlevi, hakuna kisukari, hakuna mawifi. Sisi ndio tulioutandaza msalaba mpaka ukafunika kila kinachouma. Niliwahi kumsikia mama mmoja kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba akishuhudia kwamba msalaba wake ni bawasiri. Nilicheka, Mungu anisamehe, lakini hakuwa na kosa, tulimfundisha sisi. Utaambiwa pia kwamba Luka ameongeza maneno "kila siku". Ameongeza kweli. Kumfuata Kristo ni kwa kila siku. Kupigwa kila siku ni jambo lingine, na mwenye kukuonyesha yanapokutana katika Luka akuonyeshe kwa kidole.

Mama yako anasema Yesu alivumilia. Mfungulie Yohana 18, usiku wa kesi mbele ya kuhani mkuu. Mtumishi mmoja anampiga Yesu kofi. Yesu hageuzi shavu la pili, wala hanyamazi. Anamwambia: "Kama nimesema vibaya, uushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini?" Wanipigia nini. Hilo ndilo jibu la Mwana wa Mungu kwa kofi, na sijawahi kulisikia kwenye kicheni pati hata moja. Huyo huyo, watu wa Nazareti walipompeleka ukingoni mwa kilima wamtupe, alipita katikati yao akaenda zake. Walipookota mawe hekaluni alijificha. Aliwaambia wanafunzi wakifukuzwa mji mmoja wakimbilie mwingine. Paulo, ambaye tunamnukuu sana kuhusu mateso, alitoka Dameski ameteremshwa ukutani ndani ya kapu, na alipochapwa Filipi bila hukumu alikataa kuondoka gerezani kimyakimya mpaka wakubwa waliomchapa waje wenyewe kumtoa. Yesu alikufa, ndiyo, lakini alikufa saa aliyoichagua, baada ya kukwepa vifo kadhaa ambavyo havikuwa vyake. "Hakuna mtu aniondoleaye, bali mimi nautoa mwenyewe," anasema katika Yohana 10:18.

Hata Kanisa la mwanzo, lililokuwa na mashahidi wengi kuliko sisi, halikumsifu kila aliyekimbilia kuumia. Katika simulizi ya kifo cha Polikarpo, askofu wa Smirna, yupo mtu aitwaye Quintus aliyejipeleka mwenyewe kwa watawala na kuwahimiza wengine wajipeleke. Alipowaona wanyama akaogopa akamkana Kristo. Mwandishi anasema waziwazi kwamba hawawasifu wanaojipeleka. Polikarpo mwenyewe alikuwa amekubali kwenda kujificha shambani.

Sasa lile andiko gumu. Sitakuficha, lipo, na mchungaji wenu akilifungua hatakuwa ameligeuza. Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 2, unawaambia "watumishi" watii mabwana zao, hata walio wakali, kwa kuwa Kristo aliteswa akawaachia kielelezo. Sura ya 3 inaanza, "Kadhalika ninyi wake." Biblia yetu imesema watumishi, neno la upole, la mtu mwenye mshahara na likizo. Kigiriki kinasema watumwa wa nyumbani. Petro anaandikia watu wasio na pa kukimbilia: mtumwa akitoroka anakamatwa, na mke wa mume asiyeamini hana mahakama itakayomsikiliza. Anawaambia wawezavyo kubaki watu wa Kristo mahali wasipoweza kutoka. Hilo ni neno la faraja kwa mfungwa. Ukiligeuza likawa ufunguo wa kumfungia mtu ambaye mlango wake uko wazi, umelifanyia jeuri.

Na kwa nusu ya andiko hilo tumeshakubaliana. Nenda Mkunazini, Zanzibar. Kanisa kuu la Waanglikana limejengwa juu ya lililokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Hakuna aliyesimama pale kuwasomea walioachiwa huru 1 Petro 2:18 ili warudi kwa mabwana wakali. Tulisema: hali ile imekwisha, na utumwa wenyewe ni dhambi. Basi inakuwaje mstari wa watumwa tukauzika, na "kadhalika" yake, iliyofungwa kwa kamba ile ile, tukaiacha inatembea? Isitoshe, wanaosoma sura ya 3 huwa na haraka ya kufunga Biblia kabla ya mstari wa 7, unaomwambia mume akae na mkewe kwa akili na kumpa heshima, kusudi maombi yake yasizuiliwe. Nimekaa kwenye mabaraza mengi ya wazee. Sijaona mwanamume hata mmoja akiitwa aambiwe kwamba maombi yake yamezuiliwa.

Waefeso 5 nayo ni vilevile. Mstari wa 25 ndio unaomtaka mtu ajitoe kama Kristo alivyojitoa, na mtu huyo ni mume. Paulo alipotafuta mtu wa kumpa agizo la msalaba ndani ya ndoa alimpa mwenye nguvu. Tumelichukua agizo hilo tukalihamishia upande wa pili wa kitanda.

Nasema tumelichukua, na mimi nimo. Mwaka wangu wa pili wa huduma alikuja mwanamke ofisini, siku ya Jumanne, kabla ya mazoezi ya kwaya. Alikuwa amejifunga mtandio mpaka karibu na macho, na kulikuwa na joto. Hakusema amepigwa. Alisema, "Mchungaji, nimekuja kuomba neno." Alikuwa analikunja pindo la kitenge chake, analikunjua, analikunja tena. Nilifungua 1 Petro 3 nikamsomea mistari sita ya kwanza, nikaomba kwa sauti nzuri niliyokuwa nimefundishwa chuoni. Akasema Amina. Akachukua kikapu chake, kilikuwa na dagaa, akaenda. Nilijisikia nimefanya kazi. Baada ya mwaka nilimkuta msibani, meno mawili ya mbele hayapo, akanisalimia kwa heshima zote na kuhamia upande mwingine wa jiko. Hakuniuliza neno tena. Alikuwa anakwenda kwa mke wa mwinjilisti, mwanamke asiyejua Kigiriki hata alfa, ambaye alimpa godoro.

Kwa hiyo usimwone mama yako ni wa ajabu. Kazi hii ya mwanamke kumrudisha mwanamke ni ya kale sana, na imefanywa na watakatifu. Augustino, Mwafrika wa Thagaste, Algeria ya leo, anasimulia katika kitabu cha 9 cha Maungamo yake, mwishoni mwa karne ya nne, habari za mama yake Monika. Baba, Patrisio, alikuwa na hasira za moto. Wanawake wa mji walikuwa wakikutana, nyuso zao zina alama za vipigo, waume zao wengine wapole kuliko Patrisio, wakilalamika. Monika, kama anatania lakini kwa uzito, akawaambia kosa ni la ndimi zao. Siku waliposomewa mkataba wa ndoa, akasema, wangeuhesabu kuwa hati iliyowafanya vijakazi. Walioshika ushauri wake walikuja kumshukuru, anasema Augustino, na wasioshika waliendelea kuteswa. Mwana anasimulia hayo kwa fahari, kama mchungaji wenu siku ya jubilei. Mimi kila nikiyasoma naona zile nyuso. Wanawake walikuja na michubuko wakaondoka na hatia juu yake, na aliyewapa hatia hiyo alikuwa mwenzao, mwenye akili, aliyekuwa amegundua njia yake ya kuishi katika nyumba ile na kudhani ni njia ya Mungu.

Wanateolojia wanawake wamelima shamba hili zaidi ya miaka sitini. Mwaka 1960 Mmarekani Valerie Saiving aliandika makala iliyowauliza wanateolojia wakubwa wa wakati wake, Reinhold Niebuhr na Anders Nygren, swali ambalo hawakuwa wamejiuliza: mnasema dhambi kuu ya binadamu ni kiburi na upendo wa kweli ni kujisahau, binadamu yupi huyo? Mwanaume aliyelelewa kujitanua, labda. Mwanamke aliyefundishwa tangu utotoni kujipunguza ananyemelewa na hatari nyingine, ya kujifuta mpaka nafsi yake mwenyewe isionekane. Nikiwafundisha wanafunzi wangu huwa nasema hivi: ni kama mtu ana presha ya kushuka, nawe unampa vidonge vya kuishusha kwa sababu ndivyo ulivyo navyo kabatini. Wengi wa waliokaa mabenchi ya mbele tunawapa vidonge hivyo kila Kwaresima.

Mwaka 1989 Joanne Carlson Brown na Rebecca Parker walikwenda mbali zaidi. Walisema picha ya Baba anayehitaji kifo cha mwanawe ndipo asamehe inawafundisha wanaoteswa kwamba mateso yenyewe yanaokoa, na kwamba anayekupenda anaweza kukuumiza kwa faida yako. Sikiliza sauti ya mume anayesema "nakupiga kwa sababu nakupenda", utaelewa walichoogopa. Hata hivyo siwafuati mpaka mwisho. Picha ile ya deni la heshima lililolipwa kwa kifo ilichongwa na Anselm wa Canterbury karibu mwaka 1098, zaidi ya miaka elfu baada ya Pasaka, katika dunia ya mabwana na wafuasi wao. Kanisa lilikuwa limeuhubiri msalaba muda wote huo bila kuitegemea. Mimi naamini ufufuo ni Mungu akisema hapana kwa yale yaliyofanywa Ijumaa. Aliyeuawa ndiye aliyehesabiwa haki, na waliomuua walikuwa na makosa. Mwaka huo huo wa 1989 Mghana Mercy Amba Oduyoye aliwakusanya Accra wanateolojia wanawake wa Kiafrika, na waliyoanza kuandika tangu hapo yametufaa sisi zaidi, maana waliona kwamba kwetu mzigo unatwishwa kwa mikono miwili, wa mila na wa Biblia, na ukiukamata mmoja tu mwingine unaendelea na kazi.

Je, basi kujitoa kote ni uongo? Hapana, na hapa ndipo wengine wanapoharakisha. Tazama Namugongo, Uganda. Tarehe 3 Juni 1886 vijana wa jumba la Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, walichomwa moto wakiwa hai. Karoli Lwanga, mkubwa wa wahudumu wa jumba, alikuwa amewakinga wadogo wasitumiwe kimwili na mfalme. Kila mwaka mahujaji wa Afrika Mashariki wanatembea kwa miguu kwenda pale, wengine kutoka huku kwetu Tanzania. Wale vijana walijitwika msalaba wa Marko 8 hasa: waliukataa mkono wa mwenye nguvu, wakajua gharama yake, wakailipa. Mafundisho aliyopewa mdogo wako yangewaambia warudi chumbani kwa mfalme wavumilie.

Hata Kanisa Katoliki, ambalo halikubali talaka, linasema katika Kanuni ya 1153 ya sheria zake kwamba mwenzi anayemhatarisha mwenzake vikali, roho au mwili, au watoto wao, anampa mwenzake sababu halali ya kuondoka. Kwa hiyo kwa swali lako la kwanza jibu ni hapana. Ukristo haumtaki arudi. Akitoka hajautua msalaba. Ametua mzigo wa mtu mwingine.

Swali lako la pili ndilo nililoogopa, maana mama yako kwa umri ni mwenzangu.

Wewe unayaona maisha yake kama kitu kimoja, ukikata hapa na kule panachanika. Mimi naona mizigo zaidi ya mmoja. Saa kumi alfajiri alikuwa stendi ya Makambako na baridi ile, moshi machoni, anageuza vitumbua ili ninyi wanne msome. Huko alijitwika mwenyewe. Aliinama, akashika, akapandisha, alijua anapeleka wapi, na umefika, maana unaniandikia. Vipigo ni kitu kingine. Alitwishwa na mume, na alipojaribu kuvitua wazee walimrudishia kichwani. Mchungaji wenu siku ile alimsifia mzigo usio wake. Angetaja vitumbua ungebaki ndani, nadhani.

Kuna na mzigo wa tatu, wa sasa, wa kumwogesha baba yenu. Huo siujui. Leo mwenye nguvu ni yeye. Angeweza kumwacha alale kwenye mkojo wake na hakuna mzee ambaye angethubutu kumlaumu kwa sauti. Inawezekana ni mazoea ya miaka 40, mkono unaenda wenyewe. Inawezekana ni Wafilipi 2, aliye na uwezo akachukua namna ya mtumwa kwa hiari yake, na hiyo ingekuwa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kuzisikia. Anayejua ni yeye peke yake, wala usimharakishe kulitaja jina la mzigo huo.

Na kwa nini alimrudisha mdogo wako? Si kwa ukatili. Mtu katili hakandi mkono siku tatu. Lakini binti akibaki, na mvua isinyeshe moto, na kanisa lisianguke, basi ina maana kwamba mwaka ule, wewe ukiwa mgongoni, naye angeweza kubaki. Hilo ni zito kulibeba katika umri wetu. Ni rahisi zaidi kuamini kwamba hapakuwa na njia.

Kwa hiyo usiende kumpiga na Kigiriki changu. Usimpelekee barua hii. Usimwambie maisha yake yalikuwa bure wala usimwambie hayakuwa bure, hajakuuliza. Nenda naye jikoni, mdogo wako awepo, na kidole chake, na mtoto. Mwombe akusimulie siku ile aliyoondoka. Aliondoka saa ngapi. Alipita njia gani ili asionekane. Alikufunga mgongoni kwa kanga ipi, na mkononi alibeba nini kingine. Usimuulize kwa nini alirudi. Na akinyamaza, chambueni mchele, mngojee.